Kima Punju Anakula Shamba la Nani?

Liko neno moja ambalo watu wa semina wanalipenda kuliko chai ya saa nne. Neno lenyewe ni ushirikishwaji. Siku hizi hakuna mradi wa kisima, wa barabara wala wa hifadhi unaoanza bila ya kutamkwa kwamba wananchi wameshirikishwa, na ukiuliza walishirikishwa vipi, utaonyeshwa karatasi ya mahudhurio yenye majina, sahihi na alama za dole gumba. Katika miaka yangu ya kubeba kinasa sauti nimeketi katika kumbi nyingi za mikutano ya namna hiyo. Wanakijiji hukaa viti vya nyuma, husikiliza, hupiga makofi pale wengine wanapopiga, hula wali, hupokea nauli, kisha hurudi kwao. Siku ya pili taarifa inaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa kikamilifu.

Sisemi kwamba mikutano ni mibaya. Lakini mtu aliyekaribishwa mpaka mlangoni hajaingia ndani, sembuse kula. Kwa hiyo nataka tuulizane leo: katika huu utalii unaoitwa utalii wa mazingira, mwananchi anayeishi kando ya hifadhi ana fungu gani? Na fungu hilo nani amelipima? Nisije nikazungumza hewani, nimechagua mfano mmoja, nao ni Jozani, kisiwani Unguja.

Anayetoka mjini kwa barabara ya kwenda Paje na Makunduchi, akishakwenda kiasi cha kilomita 35, huacha nyuma mashamba na vichaka na kujikuta ghafla katika kivuli cha miti mikubwa. Hapo ndipo Jozani. Mwaka 1960, zama za Waingereza, msitu huu ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1995 Serikali ya Zanzibar ikishirikiana na shirika la CARE ilianzisha mradi wa kuhifadhi Jozani na Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2004 eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa, ambayo mpaka leo ni ya pekee Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza katika mtandao wake wa hifadhi za binadamu na viumbe hai. Wasikilizaji wa Bara wasije wakatafuta ofisi ya TANAPA kule. Mambo ya misitu si ya Muungano, na mwenye dhamana ya Jozani ni idara ya misitu ya Zanzibar.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 50 hivi. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, maana yake ni kwamba Jozani ungeweza kuiweka ndani ya Serengeti karibu mara 300. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi, wakisikia hifadhi ya taifa, hufikiria nyika isiyo na mwisho ambako mnyama anaweza kutembea siku tatu bila ya kuonana na binadamu. Jozani haiko hivyo. Huko kila mahali ni pembezoni. Ukitoka msituni uko Pete, ukigeuka uko Kitogani, upande wa ghuba uko Chwaka, na ng'ambo ya msitu wako watu wa Charawe na Ukongoroni. Watu hawa hawakuhamia jana.

Mnyama anayewaleta wageni ni kima punju. Kwa wataalamu yeye amepewa jina la John Kirk, yule balozi wa Kiingereza aliyekaa Zanzibar karne ya kumi na tisa, na jina hilo limo vitabuni tangu 1868. Sisi tulikuwa tumeshampa letu, na wala halikuwa la sifa, maana wenyeji walimdhania kuwa ni mnyama wa sumu, aliyenuka, asiyefaa kuliwa. Ana mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyeamka usingizini, na mikono isiyo na kidole gumba. Hapatikani porini kokote duniani isipokuwa katika visiwa vya Zanzibar. Chakula chake ni majani na matunda mabichi. Matunda mabivu yenye sukari hayapatani na tumbo lake. Na jambo la ajabu ni kwamba anakula mkaa. Watafiti walioandika mwaka 1997 walieleza kwamba mkaa humsaidia kuondoa makali ya sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu. Sisi watu wa mjini tunaununua kwa gunia, yeye anauokota jikoni kwa watu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mgeni anayelipa kiingilio langoni ili amwone kima punju, mara nyingi hamwoni katikati ya msitu. Anamwona kando ya barabara, upande wa kusini, juu ya miembe, mikungu na minazi ya watu. Kima wa pale wamezoea binadamu, wanashuka chini, watoto wao wanacheza mbele ya kamera. Mgeni anapiga picha, anafurahi, anarudi hotelini na kumsimulia mwenziwe. Hajui kwamba amesimama katika shamba la mtu.

Basi tazameni biashara hii ilivyokaa. Kinachouzwa ni kima. Anayepokea fedha ni lango. Anayemlisha kima ni mkulima, na mkulima hayuko langoni. Kwa hiyo mkulima yule akipewa chochote, asiambiwe kwamba amesaidiwa. Muuza maziwa anayelisha ng'ombe wake kwa majani ya jirani, kisha mwisho wa mwezi akampelekea jirani kilo ya sukari, hatamwita maskini aliyemhurumia. Yule ni mtu anayemdai.

Miaka ya 1990 wakulima wa Jozani walililalamikia jambo hili kwa nguvu. Walisema kima wanawamalizia nazi. Wakaunda umoja wao, UWEMAJO, ili wasiwe wanazungumza mmoja mmoja, na sehemu ya fedha za wageni ikaanza kutengwa kwa ajili yao. Baadaye, mwaka 1999, ikaundwa jumuiya ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi, inayojulikana kwa jina la JECA. Nalitaja hili kwa heshima, kwa sababu si kila mahali wakulima waliopata hasara kwa wanyama walikaa pamoja na kupata sikio la wakubwa. Sehemu nyingi wamejibu kwa mkuki na sumu.

Kuhusu nazi, iko habari moja tamu. Watafiti wawili Wamarekani, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliamua kuhesabu. Walikaa mashambani, wakatazama kima wanakula nini na mwenye shamba anavuna nini, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo yao. Kila Mswahili wa pwani anajua nazi haizaliwi nazi. Huanza kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Kima punju anachokula ni vile vichanga. Na mnazi, kama mnavyojua, huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, vingi huanguka vyenyewe. Watafiti wakakuta kwamba katika mashamba yale waliyoyachunguza, pale kima walipokula zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yaliongezeka kidogo. Maelezo yao ni kwamba huenda kima anaupunguzia mnazi mzigo, kama vile mkulima anavyopunguza miche ya mahindi ili iliyobaki ipate nguvu.

Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikamfikiria mwenye shamba. Asubuhi anaamka, anakuta vidaka vilivyotafunwa vimetapakaa chini ya mnazi. Hasara hiyo anaiona kwa macho na anaikanyaga kwa mguu. Faida aliyoambiwa na mtafiti haioni, maana nani amewahi kuona nazi ambayo isingekuwapo? Nilimweleza habari ya utafiti huo mzee mmoja wa upande ule, nikimwamkia kwanza kama ipasavyo, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Alipojibu hakubisha kuhusu nazi. Alisema tu kwamba yeye hajawahi kuulizwa kama anataka minazi yake ipunguzwe, na kwamba mwenye mnazi ndiye anayejua kidaka kipi aache.

Jibu hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu linaonyesha kosa letu sisi waandishi na wataalamu. Tunadhani mgogoro wa mkulima na mnyama ni wa hesabu ya mavuno peke yake. Tukimthibitishia kwamba hasara yake ni ndogo tunaona tumemaliza. Kumbe mkulima anadai pia neno lake lisikike katika shamba lake mwenyewe. Na yako mazao mengine nje ya nazi, na wako kima wengine, wale weusi, ambao hakuna aliyesema kwamba wanampunguzia mtu mzigo.

Wapo watakaoniuliza: kama msitu umehifadhiwa, kwa nini tuhangaike na mashamba ya nje? Jibu liko katika idadi ya kima wenyewe. Katika sensa iliyotangazwa mwaka 2017 na shirika la WCS, walihesabiwa kima punju 5,862 katika makundi 342, idadi inayozidi mara tatu ya ile iliyokuwa ikikisiwa zamani. Ni habari njema. Lakini kima hao si wote wanaoishi ndani ya mipaka ya hifadhi. Wengi wako nje, katika misitu ya vijiji, vichaka na mashamba ya watu, na huko hakuna askari wa kuwalinda. Kinga yao ni uamuzi wa mwenye ardhi kuendelea kuwa mkulima.

Na ardhi ya Unguja, ndugu wasikilizaji, mnajua bei yake ilivyopanda. Mwenye shamba la miembe anaijiwa na dalali leo, anaijiwa kesho. Akikubali, miembe inakatwa, panakuwa na ukuta na nyumba ya kukodisha wageni, na wageni wale watauliza kima wako wapi. Kwa hiyo fungu la mkulima katika kiingilio ni ushindani wa bei baina ya mti kusimama na mti kuanguka. Fungu likiwa dogo mno, au likija mwaka huu lisije mwaka ujao, dalali atashinda, na mimi sitamlaumu aliyeuza akasomesha watoto.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Njia inayopendwa na wengi ni kujenga kitu cha wote: darasa, zahanati, kisima. Ni njia nzuri na hupendeza kupigwa picha. Ila ina kasoro moja ambayo wanaokata utepe hawaitaji. Hasara ya mnyama haiwapati watu wote sawasawa. Inampata mwenye shamba lililo jirani na msitu, huku darasa linamsomesha hata mtoto wa mwenye duka ambaye kima hajawahi kumgusa hata jani. Ukimwambia mwenye shamba kwamba amekwisha kulipwa kwa kuwa kijiji kimepata darasa, umechukua kwake ukampa jirani yake, halafu unamtaka yeye akushukuru. Vyote viwili vinahitajika, cha wote na cha mwenye hasara, na visichanganywe katika mfuko mmoja.

Pengine tutazame kwa majirani. Uganda tangu mwaka 1996 sheria inaamuru kwamba asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi iende kwa wananchi wanaoishi kando yake. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake, na mwaka 2017 ikapandisha kuwa asilimia 10. Ninachokipenda katika mifano hii ni kwamba tarakimu inajulikana. Mwanakijiji akijua wageni walikuwa wangapi anaweza kukaa chini ya mti na kijiti akapiga hesabu yake. Lakini hata huko lazima mtu awe na macho. Uganda ile asilimia 20 ni ya kiingilio cha langoni, na mgeni anayekwenda kuwaona sokwe wakubwa wa Bwindi fedha yake nyingi hailipi langoni, anailipa katika kibali cha kuwaona sokwe, ambacho ni mamia ya dola. Hesabu ya kibali ni nyingine, na wananchi wakatengewa dola chache tu kwa kila kibali. Basi ukiambiwa asilimia, usiridhike mpaka umeuliza ni asilimia ya nini.

Na watu wa vijiji vya Jozani msidhani hawajui hesabu. Mradi ule wa mwaka 1995 uliwaachia jambo moja ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko majengo, nalo ni vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi wa wanachama ni wanawake. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti, wala sanduku lenyewe halilali kwa mwenye ufunguo. Siku ya mkutano wanaketi duara. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na hata yule bibi asiyejua kusoma anakumbuka kichwani kiasi kilichobaki wiki iliyopita na atasema kama hakilingani. Mpango huu umetapakaa Unguja na Pemba, na umefanya kazi kwa sababu hakuna anayeombwa aamini. Kila mtu anaona.

Mimi ningependa kuona fedha za langoni zikihesabiwa namna hiyo. Wageni walioingia mwezi huu ni kadhaa, wenye kulipa dola ni kadhaa, wenyeji kadhaa, makusanyo ni haya, ya Serikali haya, ya vijiji haya, ya wenye mashamba haya. Yabandikwe katika ubao wa sheha, kwa Kiswahili, kila mwezi. Karatasi moja na gundi. Pakiwa na jambo la kuficha tutalijua, na lisipokuwapo basi maneno maneno ya vijiweni yatakufa yenyewe. Kiongozi mwema hunufaika zaidi kwa ubao ule kuliko mwananchi.

Kabla sijasahau, vijiji navyo havilingani. Pete imejaaliwa. Ipo barabarani, ina mikoko, na imetengenezewa njia ya mbao ambayo mgeni anatembea juu yake katikati ya mikoko, maji yakijaa anaona samaki chini ya miguu yake, yakitoka anaona kaa. Mapato ya njia ile yalikusudiwa yakisaidie kijiji. Hapo hapo Pete kuna kituo cha vipepeo, ambapo wanakijiji hufundishwa kuwafuga na hulipwa kwa vifukofuko wanavyovileta. Hii ndiyo kazi inayoleta shilingi mkononi mwa mtu bila ya kukata mti. Lakini nendeni ng'ambo ya msitu. Basi la watalii halipiti huko kusimama, na amri ya kutokata kuni ni ile ile. Mwanamke wa huko aliyekuwa akiingia msituni asubuhi na kutoka na mzigo wa kuni kichwani, sasa akionekana anaitwa mhalifu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 imetoa nafasi kwa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, wakapanga wenyewe wapi pakatwe na wapi paachwe, na mikataba hiyo imekuwapo. Ila mkataba hauchemshi chungu. Anayekatazwa kuni za msitu wa juu anahitaji msitu wa kupanda, na mti wa kupanda unataka miaka kadhaa, wakati chakula cha mchana kinatakiwa saa saba.

Kuhusu ajira nitasema kidogo. Vijana wa vijiji vile wanaijua miti kwa majina na kwa dawa zake, wanajua kima yuko wapi saa ngapi. Kinachowazuia wengine kuongoza wageni ni lugha. Mtalii wa Zanzibar siku hizi anaweza akawa Mwitaliano, Mfaransa au Mpolandi. Kijana wa mjini aliyesoma lugha anakuja na mgeni wake ndani ya gari, anaeleza mti asiokuwa anaujua, anapewa bakhshishi, anaondoka. Darasa la lugha la miezi sita pale Kitogani lingebadilisha mambo zaidi kuliko semina tatu za kujenga uwezo. Na mwenye hoteli anayeuza safari ya Jozani katika orodha yake naye aulizwe anaacha nini kule zaidi ya kiingilio.

Yako pia mafunzo ya mwaka 2020. Ule ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, wageni walikatika kama maji ya bomba. Fungu linalotokana na kiingilio, pasipo kiingilio, ni bure. Kima waliendelea kula. Aliyekuwa na vipepeo, nyuki au bustani ya mboga alikuwa na pa kushika, na aliyekuwa anategemea lango peke yake alirudi kulitazama panga lake. Ndiyo maana huwa sifurahi nikisikia utalii ukiitwa mkombozi. Ni msimu mzuri, na msimu hauna budi kuwekewa akiba.

Sasa nanyi mnaonisikiliza hapa mjini, msijifanye kwamba mazungumzo haya ni ya shamba. Mkaa ulio jikoni kwako umetoka wapi? Boriti za ule ujenzi wa jirani, zile za mikoko, zimekatwa ghuba gani? Anayekata msitu Unguja mara nyingi si mlafi, ni mtu aliyepewa oda na mjini, na gari lililokuja kuchukua mzigo lina namba za usajili kama magari yetu. Mwenye kukatazwa ni wa kijijini, mwenye kununua hajawahi kuitwa hata kwenye semina moja akala ule wali.

Halafu ipo ile barabara. Inapita ukingoni mwa msitu, na kima wanaivuka kwenda mashambani kula. Zamani magari yaliwaua kwa wingi, mpaka yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Matuta yale yanawaudhi madereva. Mimi mwenyewe nimekaa ndani ya daladala nikasikia abiria wakiyalaani. Anayekimbilia Paje siku ya Jumapili kuogelea anataka afike, na gari la hoteli linawahi ndege. Dakika mbili pale, kwa mwendo wa pole, ndilo fungu la mtu wa mjini katika uhifadhi wa Jozani, na wala haliitaji mfadhili.

Nimeulizwa na msikilizaji mmoja kwa barua kama ni vyema aende Jozani na watoto wake wakati wa likizo. Nenda, bwana. Kiingilio cha mwananchi si cha dola. Watoto wasiwape kima chakula wala wasiwaguse, maana maradhi yetu yanawadhuru. Mkimaliza kutazama, mwulize kiongozi wenu shamba mliloingia ni la nani. Akikutajia jina, na mwenyewe yuko karibu, nendeni mkamsalimie.

Juma lijalo, inshallah, nitakuwa nanyi tena saa hii hii, na tutazungumza juu ya bei ya mkaa.